Oili Nyepesi ya Meneja Abbasi

Kazimili Lushona hakuwa mtu wa kukaa. Ukimpa kigoda anashukuru, anakisogeza ukutani, kisha anaendelea kuzunguka. Miaka miwili niliyofanya naye kazi katika gereji ya Ngara mjini, alikunywa chai akiwa amesimama: kikombe mkono mmoja, mkono wa pili juu ya boneti la gari la mtu, na sikio amelitega kwa injini inayonguruma ng'ambo ya uzio. Mimi nilikuwa mtunza stoo, Restituta wa Nyamiaga, binti aliyemaliza kidato cha nne akadhani elimu yote ya dunia imeishia kwake. Nilikuwa na mdomo. Nalitaja hilo mapema kwa sababu mdomo huo umo ndani ya habari hii, na sitaki mtu anisifu kwa kuisimulia.

Kabla ya wakimbizi, gari likipita Ngara watoto walitoka nje kulitazama. Halafu mwaka tisini na nne watu wakavuka mpaka kwa maelfu, kambi zikajaa kwenye vilima vya Benaco, na mashirika yakaleta magari yao meupe, malori na maboza yenye matangi ya maji. Kila gari lilikuja na kitabu chake, na kila kitabu kilieleza oili gani itiwe kwenye injini. Kampuni moja ya Mwanza iliyokuwa wakala wa magari hayo ikafungua gereji mjini kwetu. Ikapaka ukuta rangi ya buluu na kuandika kwa herufi kubwa kwamba hapa tunatumia oili aliyoagiza mtengenezaji. Rangi haijakauka, madereva wakaanza kucheka.

"Wakala gani anayetia oili ya kitabuni?" aliuliza Ansbert, dereva wa boza la maji, mtu wa maneno mengi na mguu mzito kwenye pedeli ya moto. "Kitabu ni cha huko kwao. Huku unatiliwa iliyopo, unaambiwa nenda salama."

Kila mtu alilijua jambo hilo, ingawa hakuna aliyewahi kuliona kwa macho. Nami nilikuwa mmoja wao.

Meneja wetu aliitwa Abbasi. Babu yake alikuja kutoka pwani kufanya biashara akabaki, na nyumba yao ilikuwa na duka karibu na soko, ambamo mkewe, Mwanaharusi, alikuwa akiuza sukari, vitenge, sabuni na mafuta ya taa. Abbasi alikuwa nadhifu kupita kiasi kwa mtu wa gereji. Alikasirika upesi, akapoa upesi, na ufunguo wa stoo kubwa hakumpa mtu. Oili ilikuja kutoka Mwanza ndani ya pipa lililofungwa lakiri, kwani kusafirisha pipa kulikuwa rahisi kuliko kusafirisha makopo mia. Kila asubuhi kabla hatujaingia, Abbasi alifungua stoo peke yake, akatia faneli kwenye makopo safi, akayajaza na kuyapanga. Alisema hataki vumbi la Ngara liingie kwenye oili. Mimi nilimchungulia dirishani na sikuona vumbi lolote. Nilimwona mwenye duka anayehamisha mafuta kwa siri, basi.

Kazimili alitoka Shinyanga. Ujana wake aliumalizia katika kiwanda cha kuchambua pamba, akihudumia injini kubwa kama nyumba ambayo haikuzimwa msimu mzima. Fundi aliyemfundisha alimwonyesha namna ya kuijua oili: chovya kidole gumba, bana na cha shahada, kisha viachanishe polepole. Ikivuta uzi, hiyo ni oili. Isipovuta, wameshaichezea. Baadaye alihama na ng'ombe wake, kama Wasukuma wengi, akafika Nyakahura, akalima, akajenga, akamlea binti yake Wema. Kambi zilipofunguliwa na magari kuwa mengi, akaja kwetu kutafuta kazi. Tulimwita Baba Wema. Alikuwa fundi kweli. Madereva walikuwa wakifika wanauliza kwanza kama yupo, na kama hayupo wanarudi kesho.

Siku ya kwanza nilipompa kopo la oili alichovya kidole, akabana, akaachanisha. Haikuvuta uzi. Akajaribu tena. Akainusa.

"Mwanangu," akaniambia kwa sauti ya chini, "hii imetiwa mafuta ya taa."

"Nani katia, Baba Wema?"

Alielekeza kidevu upande wa soko, kwenye duka la Mwanaharusi, kisha akaanza kutembea, kutoka shimo la gereji hadi getini, kutoka getini hadi shimoni. Nilimwamini papo hapo. Sikuhitaji ushahidi, maana habari yenyewe niliipenda.

Sasa, mtu mwingine angenyamaza akatia alichopewa. Mwingine angemfuata meneja akamuuliza. Kazimili hakufanya hata moja. Kwenye kila gari ilifungwa kadi kwa waya ndani ya boneti, inaonyesha oili iliyotiwa na jina la fundi aliyeitia, na yeye alikosa usingizi kwa kufikiria jina lake likizunguka vilima vyote vile juu ya mafuta ya taa. Akatafuta dawa yake mwenyewe. Kila alipokwenda kwao kupumzika alipanda lori la chakula lililokuwa likirudi tupu, na mguuni alikuwa na dumu la njano. Nilidhani anapeleka asali au maziwa, sikuuliza. Kumbe ndani yake kulikuwa na ile oili niliyomkabidhi kwa ajili ya sevisi. Nyakahura alikuwa na rafiki, Juvenali, mwenye mashine ya kusaga nafaka, injini ya zamani ya hendeli, na Juvenali alikuwa na oili nzito, nyeusi kidogo, inayovuta uzi hadi unashangaa. Walibadilishana dumu kwa dumu. Kazimili alimwambia wazi kwamba anampa mbovu, na Juvenali akasema mashine yake imezoea shida.

Basi magari ya mashirika yakanywa oili ya mashine ya kusaga, na kadi zikaandikwa oili ya kitabuni, kwa sababu meneja asingepokea kadi iliyoandikwa vinginevyo. Mtu aliyeogopa jina lake kukaa juu ya uongo akawa anauandika kwa mkono wake. Lakini ukimwambia hivyo wakati ule angekushangaa. Moyoni mwake alikuwa akiziokoa injini, na kila gari lilipotoka getini alilisikiliza mpaka liishie kwenye kona, ndipo anapumua.

Miezi ikapita hivyo. Asubuhi za Ngara zina baridi ya ukungu, ndiyo maana wageni hutuuliza kama kweli hapa ni Tanzania. Ansbert alikuwa akiwasha boza lake alfajiri na kulikanyaga moto hapo hapo, bila kungoja, ili awe wa kwanza mahali pa kujaza maji. Injini ilikuwa ikilia kwa ukavu dakika nzima kabla haijatulia. Alisema ni baridi tu. Asubuhi moja ya mwaka tisini na tano, lori limejaa maji, akapanda mlima wa kuelekea kambini, na injini ikagonga mara tatu na kufa. Lilivutwa kwa kamba hadi gereji. Kambini, mtaa uliokuwa ukingojea boza hilo ulikaa siku nne kwa kuazima maji mitaa mingine. Ansbert alitusimulia foleni ya ndoo iliyobaki imepangwa mahali pale pale, wenyewe hawapo, ndoo tu. Hakutia utani wowote aliposimulia hilo.

Mwanza wakaleta mkaguzi. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye miwani. Akafungua injini mbele yetu sote, nasi tumelizunguka boza, mafundi na madereva. Beringi zilikuwa zimekwanguka. Akamimina oili iliyokuwamo, ikatoka polepole, akaitazama.

"Hii si oili yetu," akasema. "Hii ni ya mashine za kusaga."

Akaenda kupima ya kwenye pipa, akarudi. Ya kwenye pipa ilikuwa sawasawa na kitabu. Akauliza kwa upole ule ule: kama pipani mna oili sahihi, na daftari linaonyesha imetolewa kwa ajili ya gari hili, na ndani ya gari haimo, basi imekwenda wapi?

Wote tukamgeukia Abbasi.

"Oili hii nzito sijapata hata kuinunua," Abbasi alisema. Sauti ilikuwa imempanda. "Wallahi sijui imetoka wapi."

Ansbert akacheka kwa pua. Mkaguzi akaniuliza mimi kama nimewahi kumwona meneja akishika oili peke yake.

"Kila siku," nikasema. "Kabla hatujaingia. Anafunga mlango, ana faneli na makopo."

Sikusema uongo hata neno moja. Lakini nililisema kwa utamu, na nilimwona Abbasi akinitazama kama mtu aliyepigwa na mtoto wa nyumbani mwake. Aibu ya mtazamo ule ninayo mpaka leo. Mkaguzi akamgeukia Kazimili, aliyekuwa ukingoni mwa shimo akifuta spana iliyokwisha kuwa safi.

"Fundi, jina kwenye kadi ni lako. Ulitia nini?"

"Muulize mwenye ufunguo," akasema Kazimili.

Abbasi akanyang'anywa funguo mbele yetu. Akaambiwa akae nyumbani mpaka Jumanne. Akifika Jumanne bila kueleza oili imekwenda wapi, shauri litapelekwa polisi. Ilikuwa Ijumaa. Kufikia jioni mji mzima ulikuwa na habari, na pale dukani kwa Mwanaharusi watu walianza kunusa mafuta ya taa kabla ya kununua, wakiuliza kwa kejeli kama hayajatiwa oili. Halafu wakaacha hata kuja kunusa.

Kazimili alijua kabisa ile oili nzito imetoka wapi. Baadaye aliniambia alivyojipoza: kwamba meneja ni mwizi tu, kama si wa hili basi wa lile, kwamba bila dumu la Nyakahura boza lingekufa mapema zaidi, kwamba mkaguzi na pipa lake wote ni wa kampuni moja, watasema nini kingine? Maneno hayo yalimkaa vizuri mchana mmoja. Jumamosi asubuhi alikuwa amezunguka gereji mara nyingi hivi kwamba mlinzi alimuuliza kama amepoteza kitu. Akachukua lori akaenda kwao.

Jumapili, ukungu bado haujapanda, akatoka nyumbani kwa kuwa hakuweza kulala wala kukaa, akaenda mashineni kwa Juvenali. Akina mama walikuwa wamekwishapanga mahindi yao. Juvenali alikuwa akila kiporo.

"Baba Wema, hebu niwashie hiyo," akasema. "Mikono yako haina kazi."

Kazimili aliijua hendeli ile. Asubuhi ya baridi ilihitaji wanaume wawili na matusi kidogo. Akajikita kwa miguu, akakaza mgongo, akavuta kwa nguvu zake zote, na hendeli ikazunguka bure kabisa, akapepesuka nusura aangukie magunia. Injini ikashika palepale. Akina mama wakaangua kicheko.

"Pole, nilisahau kukuambia," Juvenali alisema, mdomo umejaa. "Tangu uniletee ile mbovu yenu, hata Mama Wema anaweza kuiwasha. Ile nzito yangu ilikuwa inaganda asubuhi, unavuta kama unang'oa kisiki."

"Moshi je? Haigongi?"

"Igonge nini! Haijapata kutulia hivi tangu niinunue."

Kazimili akaisimamia ile mashine muda wa kusaga madebe sita. Ilipopata moto akaizima, akina mama wakilalamika, akatoa oili kidogo, ya moto, akaibana kwa vidole vyake viwili. Haikuvuta uzi mrefu, lakini haikuwa imelegea kuliko siku ile ya kopo la kwanza. Kisha akachota oili nzito iliyobaki kwenye pipa la Juvenali, akaipasha kwenye upawa juu ya moto, akaibana nayo. Ilikuwa imelegea, inateleza, haizidi ile nyingine kitu. Ndipo akaelewa. Nyepesi ya kitabuni ilikuwa nyepesi kwenye baridi ili iwahi kufika juu ya injini, na ikipata moto inabaki na nguvu yake. Nzito yake ilikuwa nzito wakati mbaya tu, alfajiri, Ansbert akikanyaga moto na chuma kikisagana na chuma. Injini ya pamba haikuzimwa msimu mzima, kwa hiyo haikujua asubuhi ni nini, na yeye aliyefundishwa juu yake hakujua pia. Faneli, makopo, mlango uliofungwa, vyote vilikuwa ni vile vile alivyosema Abbasi: mtu anayechukia vumbi.

Jumatatu alinikuta stoo.

"Shikamoo, Baba Wema."

Hakuitikia marahaba. "Mwanangu, ni mimi," akasema, akanieleza yote amesimama mlangoni, akihama mguu huu kwenda huu.

Nilimfokea. Mtu wa umri wa baba yangu, nilimfokea mpaka mafundi wakageuka. "Unajua nilimwambia nini yule mkaguzi?"

"Najua. Na mimi nilimwambia."

Tulikwenda pamoja nyumbani kwa Abbasi, nyuma ya duka. Mwanaharusi alitufungulia, akaniangalia, akanipisha bila salamu, na alikuwa na haki. Kazimili alipewa kiti, na kwa mara ya kwanza nikamwona ameketi. Akaeleza. Abbasi alisikiliza mpaka mwisho, amekunja kikoi magotini.

"Magari mangapi?" akauliza.

"Kumi na moja."

"Kumi na moja!" Abbasi aliruka. "Kumi na moja yanapanda vilima asubuhi hii, na wewe umekaa hapo kwenye kiti changu unaniomba radhi? Moja ni la wagonjwa! Inuka!" Alikuwa tayari anatafuta viatu. Mlangoni akasimama, sauti ikashuka. "Mzee Kazimili. Miezi yote hiyo. Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilidhani najua jibu," akasema Kazimili.

Mkaguzi aliandika maelezo ya Kazimili, akamrudishia Abbasi funguo mbele ya watu, akaondoka. Kwenye karatasi mambo yaliishia hapo. Kazimili hakufukuzwa, Abbasi alisema anayejua magari yote kumi na moja ndiye atakayeyasafisha. Lakini madereva walipokusanywa uani na Kazimili akawaambia kwa mdomo wake kwamba oili ya wakala ilikuwa ya kitabuni tangu siku ya kwanza, na muuaji wa boza ni yeye, Ansbert alimtazama kwa huruma.

"Baba Wema," akasema, "wamekupata na wewe."

Kazimili akaleta jiko la mkaa, vijiko viwili, oili mbili. Akawaonyesha ya baridi, akawaonyesha ya moto. Waliangalia kwa adabu, kama watu wanaoangalia kiini macho sokoni. Mmoja akasema watu wa duka wana mbinu. Madereva watatu walikataa katakata asiguse magari yao, wakataka fundi mwingine, na huyo fundi mwingine akawatilia oili ile ile kutoka pipa lile lile. Mimi nami nilisimama nikasema nilikosea. Nikaulizwa nimeongezwa cheo gani.

Duka la Mwanaharusi halikuamka tena. Watu walikuwa wamezoea kupita bila kuingia. Kabla mwaka haujaisha Abbasi aliomba uhamisho, wakapakia vitu, wakaenda Mwanza. Nilikwenda kuwaaga, nikashika mkono wa kila mtu. Mwanaharusi alinipa wake, akasema nenda salama, mwanangu.

Mwaka uliofuata Wanyarwanda walirudishwa kwao, magari meupe yakapungua, gereji ikafungwa. Nikaajiriwa katika ofisi iliyokuwa ikihudumia kambi za Warundi zilizobaki, na kazi ilinipitisha Nyakahura siku ya mnada, mwaka tisini na nane. Nikamkuta Kazimili kando ya barabara, juu ya lori la magunia, boneti wazi. Mvi zilikuwa zimemjaa. Alishuka, akapanda, akashuka tena kutafuta spana. Chini alikuwepo dereva kijana, mgeni kwetu sote, anajaribu kuwa mwenyeji.

"Unitilie ya dukani ya kopo, mzee," kijana alikuwa akisema. "Mambo ya mawakala sitaki. Hujasikia yule mwenye duka wa Ngara? Alichanganya mafuta ya taa, akaua boza zima la maji ya wakimbizi."

Kazimili akaacha spana.

"Aliyeliua lile boza ni mimi," akasema. "Yule bwana oili yake ilikuwa nzuri."

Kijana akacheka, si kwa ubaya. "Sasa mzee, alikupa nini yule hata leo unamtetea?"

"Alinipa kazi. Mimi nikampa hilo jina unalomwita."

Kijana akanitazama, kama kuniuliza huyu baba ana nini.

"Ni kweli," nikamwambia. "Na mimi nilisaidia."

Alitutazama mmoja baada ya mwingine, kicheko kimekwisha. Kisha akasogea karibu na lori lake, akaweka mkono juu ya boneti.

"Sawa," akasema. "Lakini hilo kopo la oili, mzee, ulifungue hapa mbele yangu. Nione."

Kazimili akaenda kulichukua.